Kidonge cha Baba Hakigawanywi

Dar es Salaam

Shikamoo Baba,

Sikuulizi hali, maana nikikuuliza utanijibu nzuri, kama unavyonijibu kwenye simu huku nakusikia unakohoa. Namuuliza Mama: Mama, shikamoo, mgongo unaendeleaje na baridi hiyo ya Mbinga? Mimi ni mzima. Sare za shule ninazoshona zimejaa mpaka kitandani, maana shule zinafunguliwa, na umeme unakatika kila ninapokaa kwenye cherehani. Ningependa niishie kwenye habari hizo. Lakini una mambo, Baba, na simu haifai tena. Nikianza kukueleza unasema, "Nimekusikia, mwanangu," halafu unaniambia salio limekwisha, wakati niliyepiga ni mimi! Barua huwezi kuikata.

Longino alinipigia Jumapili baada ya misa, furaha imemjaa. "Dada, tumshukuru Mungu. Dawa imemkubali na Baba mdogo. Ametoka upele usoni, vilevile kama wa Baba." Nikamuuliza, dawa gani? Mdogo wangu huyu hajui kudanganya, yakamtoka yote. Kwamba vidonge vyako vya kansa ya mapafu ninavyovituma kwa basi unavikata katikati kwa wembe, nusu yako, nusu ya Baba mdogo Gaudensi, kwa kuwa naye kansa imemshika mapafuni. Kwamba mmeanza tangu kahawa ilipoanza kuchumwa. Na upele ulipomtoka mkachinja jogoo. Baba, mmechinja jogoo kwa ajili ya upele!

Upele ni wa dawa, si wa kupona. Daktari alikuambia wewe usiogope ukiuona, kwa sababu wengi wanaomeza kidonge hicho huupata. Hakusema kila atakayeupata anapona. Nikikimeza mimi mwenye mapafu mazima, naweza kutoka upele vilevile. Mtanichinjia jogoo na mimi?

Nilipokupigia ukaniletea hoja yako. "Skola, si daktari mwenyewe alisema ni mambo ya vinasaba? Mimi na Gaudensi ni baba mmoja, mama mmoja. Tumelala tumbo moja. Sasa dawa yangu itashindwaje kuwa yake?" Na mimi hilo neno vinasaba nililisikia na kulipita tu. Basi kesho yake nikaacha sare za watu, nikaenda hospitali kumngoja daktari wako mpaka akachoka kuniona pale kwenye benchi.

Alinieleza hivi, na naomba usome polepole. Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli ya mwili. Hayo uliyozaliwa nayo ni mazima, huna kosa lolote la ukoo, na sisi watoto wako hujatuachia kitu. Kilichotokea ni kwamba seli moja ndani ya pafu lako, ukiwa mtu mzima tayari, maelekezo yake yaliharibika, ikawa inajigawa bila kupumzika. Uharibifu uko ndani ya uvimbe tu. Ndiyo maana walikutoa kile kinyama, wakakipima wajue ni kipi hasa kilichoharibika. Kidonge chako kimetengenezwa kwa ajili ya kuzuia kitu hicho kimoja. Penye kitu kingine hakina kazi.

Na kansa ya mapafu si moja. Yako imeanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, na mara nyingi ndiyo inayowapata watu wasiovuta sigara kama wewe. Wale wanakwaya waliokuwa wananong'ona kwamba ulikuwa unavuta kwa siri waambie hivyo. Ya Baba mdogo imeanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya njia za hewa, na moshi ndio rafiki yake mkubwa. Wote tunajua alivyokuwa anasokota tumbaku kule Mbamba Bay alipokuwa ananunua usipa, wale dagaa wa ziwani, mkono mmoja ndoo, mkono mmoja sigara. Kinyama chake nacho kilipimwa alipokuja huku. Ule uharibifu wako kwake haupo kabisa.

Wewe ni wa kuelezwa hivi kweli? Wewe uliyemfokea jirani mbele ya watu alipopulizia dawa ya wadudu kwenye mibuni yenye chulebuni! Ulimwambia, "Wewe! Matunda yanaoza kwa ukungu, unahangaika na wadudu gani?" Na miche yenu mlichukua kitalu kimoja. Hukumwambia kwa kuwa kitalu ni kimoja basi dawa ni moja.

Sasa nisikilize. Nusu kidonge haikuzuilii nusu ya ugonjwa. Daktari alisema dawa ikiwa pungufu uvimbe unapata nafasi ya kukua, na hicho kikohozi kilichokuwa kimekuacha kimerudi. Usiniambie ni vumbi la kahawa. Na Baba mdogo alipangiwa dripu ya dawa za kansa huku hospitali, akaomba ruhusa akachume kahawa kwanza, hakurudi tena. Kwa nini arudi, na wewe umempa nusu yako na upele juu? Mnauana kwa upendo, Baba. Nimekasirika mpaka nimeshona mikono ya mashati mawili kinyume.

Nilimuuliza daktari kama Baba mdogo naye ana kidonge chake. Akasema kwa uvimbe wa namna yake, kwa sasa, hakuna. Kuna dripu, na dripu inasaidia ikiwahiwa. Hapo nililia, nakuambia kweli. Nilielewa kwa nini ulishika wembe. Lakini ruhusa sikupi.

Msalimie Longino, mwambie sijamkasirikia. Msalimie shangazi wa Lituhi akipanda huko, na katekista wetu anayekuombea.

Baba mdogo usimsalimie juu juu. Mwite, mkae, umsomee barua hii yote, hata pale pa tumbaku. Halafu mpe vidonge vyote avitunze yeye nyumbani kwake. Kila asubuhi akuletee kimoja, kizima, akuangalie unavyomeza mpaka ufungue mdomo aone. Mimi unanikatia simu. Yeye ukimwambia mgawane, atakukatalia usoni, na huyo ndiye mtu pekee duniani unayemsikia. Naye akishakubali kazi hiyo, mpandishe basi umlete kwenye dripu. Usimtume na Longino. Njoo naye wewe mwenyewe, ukae naye benchi moja, umshike mkono wakati sindano inaingia. Huko ndiko mnakoweza kugawana.

Ni mimi binti yako ninayekupenda na niliyechoka na wewe,

Skolastika