Kwa Mama Nkatha: Ubeti Wako Utaimbwa Jumapili

Mwaka umetimia, Mama Nkatha, tangu Jumanne ile uliposimama kupiga pasi shati la Baba Nkatha, ukasema kichwa kinakuuma, ukaketi kitandani na hukuinuka tena. Shati hilo hajalivaa. Liko kabatini, mkono mmoja umenyooka na mwingine una mikunjo, na yeyote katika nyumba hii akiligusa anakaripiwa.

Sisi wa nyumbani kwako tumeona tukuandikie, marafiki nao wasome, kwa sababu mwaka huu haukuwa wa machozi tu. Umekuwa mwaka wa kelele. Mumeo hatulii. Akikaa mezani vidole vinagonga meza, akiendesha gari kwenda bandarini vinagonga usukani, na robot, kama wanavyoita huku taa za barabarani, ikiwa nyekundu ndiyo kabisa, wenye magari mengine wanamgeukia. Ofisini, ambako kazi yake ni kupanga kontena lipi lishuke na lipi lingoje, wenzake walimwomba kwa adabu ahamie meza ya pembeni. Na chanzo cha yote haya ni wewe.

Ulikuwa fundi wa maabara pale chuoni Westville miaka kumi na tisa. Ulimjua mwanafunzi ambaye hajala kwa kumwona tu anavyofungua mlango. Ulimwita, "Wewe, hebu njoo unionjee hii githeri, sijui kama chumvi imekolea." Chumvi katika mahindi hayo na maharage ilikuwa imekolea siku zote. Dada yako Matilda anasema ulikuwa hivyo tangu mkiwa wadogo Meru, kwamba ukitaka kumpa mtu kitu ulijifanya wewe ndiye unayeomba msaada. Hatukulitilia maanani jambo hilo wakati ule. Sasa tunaliwazia sana.

Ulipofikisha miaka hamsini na miwili ukatutangazia kwamba unajifunza flamenco. Baba Nkatha alidhani ni dawa ya goti. Ulipomweleza kuwa ni ngoma ya kusini mwa Uhispania, ya kukanyaga sakafu kwa viatu vilivyopigiliwa misumari kwenye soli, alikutazama kutoka kichwani hadi miguuni akauliza, "Na hilo goti lina habari?"

Goti halikuulizwa. Félicité, aliyekusuka nywele miaka yote, ndiye aliyekupeleka kwenye ule ukumbi wa Queensburgh ambako Mwalimu Inès anafundisha. Kila Alhamisi jioni Baba Nkatha alikupeleka, akabaki ndani ya gari na gazeti lake, akifunga vioo kelele isimfikie. Miaka minne, Mama Nkatha, na hakushuka hata siku moja. Alikuwa na maneno yake: kwamba alioa Mmeru mtulivu, sasa analala na kikosi cha gwaride. Ulicheka, ukaendelea kukanyaga kibao chako cha mazoezi kule gereji.

Lakini miguu haikuwa ndiyo iliyokushika. Ni maneno. Ulikuja nyumbani ukatueleza kuhusu soleá, wimbo wa polepole wenye beti za mistari mitatu tu, na jinsi beti hizo zilivyopita kinywa hadi kinywa kwa watu waliofukuzwa mji huu na mji ule, wafua vyuma, wachimba migodi, wanawake wa kufua nguo, bila mtu kujua nani alizitunga. "Mistari mitatu," ulisema, "na hakuna neno lililokuja kupiga soga." Ukaanza kutunga zako kwa Kiswahili na kuzibandika kwenye friji. Mmoja bado uko pale:

Nimefunga dirisha upepo usiingie,
na wewe umeingia
bila kufungua kitu.

Mwanao Melvin alipousoma alisema ni habari za paka wa jirani. Ukamwambia akue kwanza.

Ulitufundisha pia sheria za ngoma hiyo, hata tusiotaka. Kwamba wanahesabu hadi kumi, kisha wanarudi moja, mbili, na hizo mbili za mwisho ndizo kumi na moja na kumi na mbili. Kwamba mwimbaji ndiye mkubwa, mchezaji anamfuata. Kwamba mchezaji akitaka kuimbiwa anaita kwa miguu, anakanyaga kwa nguvu, kisha anasimama tuli. Kimya kile si mwisho. Ni mlango anaomfungulia mwimbaji. Sote tulisikia hayo jikoni mara mia. Baba Nkatha naye alikuwepo, ila alikuwa anasikiliza taarifa ya habari.

Ndipo ikaja Jumapili yako ya kucheza peke yako mbele ya watu. Baba Nkatha alishuka kwenye gari kwa mara ya kwanza, na tai shingoni, na maua. Tukumbushe hapa kwamba mumeo, Crispus Omwenga, amelelewa katika kanisa lisilopiga makofi. Maishani mwake makofi alikuwa anayajua mahali pawili, harusini na kwenye mahafali. Alikaa safu ya mbele, mgongo wima, na ulipotokea na ile sketi nyeusi hakukutambua kwa sekunde nzima. Ametueleza mwenyewe. Aliona mwanamke anayemtisha kidogo, akatamani kujulishwa kwake.

Ulicheza. Goti lilitii. Ukakanyaga, ukakanyaga, ukasimama tuli na mkono mmoja juu, gitaa likanyamaza, na Anaclet, yule Mkongomani wa Bukavu anayetengeneza simu karibu na saluni ya Félicité, akafumbua kinywa aimbe.

Baba Nkatha akasimama. Akapiga makofi kama ya mahafali, kwa nguvu zote, akasema "Amina" kwa sauti, akakuletea maua hapo hapo ulipo. Ukumbi mzima ukafuata. Wenzetu wa ushirika wakapiga vigelegele. Kelele zilipotulia gitaa lilikuwa limeshaondoka kwenye wimbo, na Mwalimu Inès akakuashiria umalizie. Ukamalizia na maua mkononi.

Mkarudi Westville kwa gari. Mlipofika langoni ndipo ulipomwambia, "Ule ulikuwa ubeti wako, Baba Nkatha. Niliutunga kwa ajili yako."

"Si uniambie basi sasa."

"Hapana. Utausikia siku nyingine."

Siku nyingine. Wiki sita baadaye ukaketi kitandani kwa ajili ya kichwa.

Tunaandika waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe ameturuhusu. Siku ya maombi, nyumba imejaa watu, alimshika Anaclet mkono akamvuta hadi gereji, wakasimama kando ya kibao chako. Alimsihi amtajie ile mistari mitatu. Mitatu tu, itachukua muda gani?

Anaclet alitikisa kichwa. "Mama alinipatia maneno ya kuimba, Papa. Hakunipatia ya kusoma. Na soleá bila watu wa kupiga makofi haiko wimbo, iko tangazo."

"Basi watafutwe wa kupiga."

"Nani alikatiza?" Anaclet alimuuliza, si kwa ubaya. "Donc, basi, ule atapiga."

Hivyo ndivyo mumeo alivyoingia katika ukumbi wa Queensburgh akiwa na miaka hamsini na tisa, mwanamume peke yake katikati ya wanawake wenye sketi. Mwaka mzima, Mama Nkatha. Ungemwona ungemhurumia, kisha ungecheka. Kumbe makofi yale yana aina zake: kuna ya vidole, makali, na kuna ya viganja vilivyobinywa kama vikombe, mazito, ya kumpisha mwimbaji. Baba Nkatha alijua aina moja tu, ya mahafali. Mwalimu Inès alimpanga nyuma kabisa, akamwambia apige ya kubinya hata kama hakuna anayeimba. Alipotea kwenye tatu, akapotea kwenye sita, akipata nane anafurahi na kupotea kwenye kumi. Félicité alimfundisha saluni kwa kugonga kitana kwenye mgongo wa kiti, mteja akiwa kitini. "Papa Omwenga, hapa unaacha. Unaacha! Mikono yako iko na haraka ya kwenda wapi?"

Hilo lilimpata moyoni. Kupiga alijifunza kwa miezi michache. Kuacha ndiko kulikomshinda. Kikija kile kimya chenu mikono yake inataka kukijaza, kama mtu anayeogopa simu imekatika, anasema "halo, halo" kabla mwenzake hajavuta pumzi. Alimweleza binti yako Nkatha kwamba hajui kukaa kimya na wewe ukiwa umesimama. Alisema amekaa hivyo miaka ishirini na minane ya ndoa, ukinyamaza kidogo tu yeye anasema neno, ukitaka kusema anakuletea chai. Halafu akainuka akaanza tena kutembea, sebuleni hadi jikoni, jikoni hadi sebuleni, akihesabu hadi kumi na kurudi moja, mbili.

Na hofu nyingine ndiyo hii, inayomnyima usingizi. Beti za namna hiyo nyingine ni za lawama, wewe mwenyewe ulitueleza. Mapenzi, kifo, na lawama. Asubuhi moja, mkate mkononi, akamuuliza binti yako, "Kama ni matusi je?"

"Basi utayapigia makofi, Baba," Nkatha akamjibu. "Ya kubinya."

Alicheka, na siku hiyo alikula. Lakini tunamwona. Amekonda, suruali zinashikwa na mkanda. Hajui kama uliondoka umemkasirikia, na sisi tukimwambia hukumkasirikia anatuuliza tunajuaje. Kweli hatujui. Tunakumbuka tu kwamba hujawahi kumnyima mtu chakula kwa hasira.

Wiki mbili zilizopita Anaclet alikuja nyumbani mwenyewe. Alikuwa amemwona alivyokonda, roho ikamuuma. Alikaa pale kwenye kochi lako, akavua kofia, akasema, "Eish, Papa, imetosha. Nikwambie tu sasa, upumzike. Mama hawezi kunikasirikia."

Tulidhani atamrukia kwa furaha. Mwaka mzima amekiomba kitu hicho, sasa kimeletwa hadi sebuleni. Vidole vyake vilikuwa vinagonga goti, na tukaviona vikiacha. Akakaa kimya. Saa ya ukutani tuliisikia. Hatujui kama ilikuwa dakika, lakini kwa Baba Nkatha ilikuwa ndefu kuliko tunavyomjua.

"Hapana," akasema. "Nilimkatiza mara moja. Ukinitajia hapa nitakuwa nimemkatiza tena. Acha aseme pale alipotaka kusemea."

Anaclet akavaa kofia yake. "Sharp," akakubali. "Basi ni Jumapili."

Kwa hiyo, Mama Nkatha, ni Jumapili hii, saa tisa alasiri, ukumbi uleule wa Queensburgh. Misa ya shukrani haitakuwepo, Baba Nkatha amesema Mungu ameshasikia sala zake, ni wewe hajakusikia. Nkatha atavaa sketi yako, tumeipunguza kiunoni. Viatu vyako vinambana, lakini amekataa vingine. Atacheza kile ulichocheza, hadi pale ulipofika, na atasimama tuli ulipokuwa umesimama. Githeri itakuwepo, na tutaomba watu waonje kama chumvi imekolea.

Wanaokukumbuka ni mumeo Crispus Omwenga, ambaye hatulii hata tunapoandika haya. Wanao Nkatha na Melvin. Dada yako Matilda na ukoo wote wa Meru. Shemeji zako wa Kisii. Félicité, Anaclet na Mwalimu Inès. Na wanafunzi wako wengi, ambao wengine sasa wana watoto na bado wanakuita Mama.

Ombi letu kwa mtakaokuja ni moja. Nkatha akikanyaga kwa nguvu, kisha akasimama na mkono mmoja juu, na gitaa likanyamaza, tafadhalini msipige makofi, msiseme amina, msilete maua. Mtazameni Baba Nkatha pale nyuma. Akiweza yeye kuacha, nanyi mtaweza.

Hatujakusahau, Mama Nkatha, na hatuna mpango huo. Tumenyamaza sasa. Ukiwa tayari, sema.