Songa ya Mwalimu

Chumba cha Nne, Ghorofa ya Juu,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na lile jino la mbele bado liko kazini au limeshastaafu? Usinune, mume akiwa mbali lazima aulizie mali zake. Mimi ni mzima wa afya. Mapaja tu yamejaa mpaka suruali ulizonishonea zinalia nikikaa.

Shangazi kaniandikia kwamba huko hulali, eti mjukuu wako anafundishwa kuua watu. Bibi, ngumi hizi za Kichina zinaitwa taichi, na mwezi mzima wa kwanza sikupiga hata nzi. Tunasimama tu, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyevutiwa kigoda akakataa kuanguka. Wenzangu hulia. Mimi silii, natokwa jasho la machoni.

Mwalimu ni mama wa miaka sitini na kitu, kimo chake kinaishia kifuani pangu. Usimdharau, pilipili nayo ni ndogo. Anatufundishia chumba cha juu ya duka la matairi, kila Jumatano na Jumapili.

Kwa nguvu, darasa zima hakuna wa kunigusa. Nabeba magodoro kutwa, unadhani mchezo? Sasa sikia balaa. Tukipangwa wawili wawili kusukumana mikono, Mwalimu alikuwa akipita nyuma yangu na kuniambia kwa Kichina chake, "Song! Song!" Nami mtoto wa kwenu nikasikia songa. Nikasonga. Akipaza sauti, nasema moyoni leo kanipenda, nasonga zaidi. Mwezi uliopita nilisonga mpaka fundi viatu, mzee wa watu mwenye mvi, akapaa akatua juu ya viatu vyetu mlangoni.

Mwalimu akanipa Jumapili nne. Zikiisha bado natumia mabavu, nisikanyage tena pale. Nilicheka mbele yao, lakini zile ngazi nilizishuka vibaya. Bibi, kiwandani nisipokwenda wanamweka mwingine na kazi inaendelea. Darasani nikikosa siku moja, naulizwa nilikuwa wapi.

Fundi viatu akanifuata nje, anachechemea.

"Wewe kijana, ukiambiwa ulegee, mbona ndiyo kwanza unageuka trekta?"

"Nani kaniambia nilegee? Si yeye mwenyewe anasema songa?"

"Songa ndiyo nini?"

"Sogea mbele! Sukuma! Kwetu hata mtoto anajua."

Mzee akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe kwa Kichina neno lile ni legea, achia, usikaze. Miezi minne mama wa watu ananibembeleza nilegee, nami namwitikia kwa bega!

Shule ilinishinda, unajua, lakini nikitaka kitu nakipata. Nikawa najifunza kiwandani kwa godoro la sponji. Ukilisukuma linakubali, halibishani, mwisho unachoka wewe. Mnyapara kaniuliza kama nimelichumbia.

Leo ndiyo ilikuwa Jumapili ya nne. Nikapangwa na fundi viatu yuleyule. Aliponisukuma, mabega yakataka kukaza, nikayaachia. Akanisukuma tena, nikarudi nyuma hatua mbili, mtu akacheka. Nikamwachia acheke. Mara ya tatu mzee alikuja na uzito wake wote, nikageuza kiuno kidogo tu. Akapita kama aliyeegemea mlango usiofungwa, na angeula ukuta kama nisingemdaka kiwiko. Sikumsukuma hata kwa kidole, Bibi. Na ningeweza!

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anafunga dirisha. Akalifunga taratibu, akaweka komeo, ndipo akageuka.

"Jumatano usichelewe," akasema.

Basi. Nimebaki.

Nisalimie Shangazi na wanawe wote, na Baba Mdogo seremala, mwambie apunguze kelele za randa asubuhi. Binamu yangu Domo mpe salamu nusu, nusu nyingine atapata akijibu barua yangu.

Mungu akutunze, akuongezee siku, na azipunguze za wanaokutamani nikiwa sipo.

Mumeo akupendaye, hata ukininunia,
Mbishi