Aliyefika Ukingo Akarudi

Burumba, Busia
Agosti 1976

Wifi yangu Wilkista,

Hujambo huko Nakuru? Kuku wako ametotoa, na mimi bado nawauzia chai madereva wa malori.

Jana hotelini walikaribia kupigana kwa ajili ya Olimpiki. Simiyu wa forodha alishikilia kwamba muogeleaji bora ni yule Mmarekani wa Munich, dhahabu saba. Dereva mmoja akapiga meza: saba ni wingi tu! Huyu wa Montreal juzi ameogelea mita mia chini ya sekunde hamsini, na hakuna binadamu aliyewahi. Mimi nikamtetea Simiyu. Unaujua mdomo wangu.

Ndugu yangu Okeyo alikuwa kwenye kona. Tangu arudi peke yake kutoka ng'ambo, Uganda, askari wa Amin walipoanza kusaka Wakenya, hakuwa amesema mume wako Okal yuko wapi. Akauliza polepole, "Kati ya hao wawili, nani alifika ukuta, akasikia mtu analia nyuma, akarudi?"

Kisha akatusimulia yote.

Wifi, Okal alifika. Alisimama ukingo wetu wa mto Sio, kisha akamrudia mama mmoja aliyekuwa anazama. Akamsukuma mpaka Okeyo akamshika mkono. Yeye maji yakamchukua.

Mwili haujaonekana. Leo asubuhi wazee wameleta tunda la yago, lile refu la mwegea, wazike hilo badala ya mwili, kama desturi yetu. Nimewanyang'anya. Liko chini ya kitanda changu mpaka uje uamue wewe.

Ni zito, wifi, lakini si uzito wa Okal.

Nakungoja stendi,
Perez