Mama, Sijapokea Zamu Yako

Kwako mama, popote barabara ilipokusimamisha,

Simu yako bado haipatikani. Tangu ulipopanda pikipiki hapa Itebero na wauguzi wenzako wawili kwenda Walikale kuzungumza na wakubwa, sijasikia sauti yako. Wenye pikipiki wanasema huko mbele kuna watu wenye bunduki wanaosimamisha wapita njia. Wanasema hivyo huku wakimenya ndizi, kana kwamba wanaongea habari za mvua. Mimi nikisikia, napiga tena namba yako.

Unakumbuka ile asubuhi nilipokuletea uji hospitalini? Nilidhani umemaliza zamu. Nikakukuta umesimama katikati ya wodi, macho mekundu, kwa sababu aliyepaswa kukupokea hakuwepo. Alikuwa ameacha uuguzi na kwenda kuuza nguo kwenye machimbo ya Bisie. Nikakuambia twende nyumbani.

"Muuguzi hatoki mpaka mutu amupokee," ukasema.

"Na kama hakuna mutu?"

"Basi, njo unabaki." Na ndivyo ulivyobaki.

Ukala uji umesimama, usingizi ukakushika kijiko kikiwa mdomoni. Bibi mmoja aliyelazwa karibu na mlango akacheka hadi akakohoa. "Muganga, kuya ulale kwa kitanda yangu! Mimi nitakupima homa!" Nawe ukacheka. Mimi sikucheka. Niliogopa kwamba siku moja utaanguka pale pale, na watu watadhani umelala.

Kwa hiyo chama cha wauguzi kilipokuchagua uwe mjumbe, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Mnadai zamu za ziada zilipwe na wauguzi waongezwe. Siku ya safari nilikusihi ubaki. Ukakaza kitenge kiunoni: "Wakitulipa bila kuongeza watu, tutakufa na feza mu mufuko. Watu kwanza." Kisha ukanitania kwamba sauti yangu iko kama ya mutu anaomba chumvi kwa jirani mukali.

Leo mchana papa msimamizi wa hospitali alikuja hadi uani kwetu. Nilikuwa naanika blauzi yako nyeupe ya kazi.

"Mutoto wa muganga, diplome yako ya uuguzi si ilishatoka?"

"Ndiyo, papa."

"Basi kesho kuya usaini karatasi ya kazi, uchukue nafasi ya mama yako. Mama yako na wenzake wakikataa kusaini mapatano kule Walikale, siye tuko na vijana. Na blauzi si hii, iko tayari?"

Mama, kwetu maneno ya "chukua nafasi ya mama yako" husemwa kwenye matanga. Nilitaka kumuuliza kama anajua jambo ambalo mimi sijaambiwa, nikaishia kunyoosha mikono ya blauzi kwenye kamba. Nikaona na hila yake: nikiivaa hiyo blauzi, mtasaini chochote mtakachowekewa mbele, kwa sababu nafasi zenu zitakuwa zimejazwa na watoto wenu wenyewe. Lakini nikamfikiria pia dada Neema, muuguzi aliyebaki peke yake na wagonjwa wote tangu mlipoondoka.

Nikasema neno pekee lililonijia. "Papa, sijapokea."

"Nini? Sema nguvu!"

"Mama hajanikabidhi zamu. Asiyekabidhiwa hapokei."

Akanitazama, akatazama blauzi inavyodondosha maji. "Njo mama yake kabisa," akasema, na sikujua kama ni sifa au hasira. Akaongeza kwamba kesho asubuhi atanisubiri mlangoni pa hospitali.

Nitakwenda, mama. Nitateka maji, nitapima homa, nitamwambia Neema ajinyooshe kidogo kwenye benchi. Lakini blauzi itabaki nyumbani, na karatasi yao sitaiwekea sahihi. Akipiga kelele, sijui nitafanya nini. Labda nitalia mbele ya wagonjwa.

Rudi. Usiniachie wodi hii kwa ukimya. Nikabidhi mwenyewe, kitanda kwa kitanda, ukinitajia jina la kila mgonjwa na alivyoamka, kama unavyowafanyia wenzako. Kila pikipiki ikilia natoka nje, halafu narudi ndani. Wadogo zangu wameacha kuuliza. Katika kukungoja huku, hakuna mtu wa kunipokea.

Basi, njo ninabaki.

Binti yako,
yule wa kuomba chumvi