Kaske ya Mama

Perpétue na Ushindi,

Sombe iko ku moto, muangalie isiungue. Kaske ya Mama, ile ya masikio ya kusikilizia redio, nimeificha. ~~Mumurudishie jioni.~~ Hapana, musimurudishie. Leo redio tunasikiliza wote.

Ni mimi nilimuchagulia. Munajua vile anachaguaga: moja ilimubana, ingine eti inamufananisha na pilote wa elikopta. Hii ya kukunjika ndiyo alipenda, maridadi, inafunika masikio, sauti haitoki inje.

Asubuhi alikuwa anakoroga uji nayo. Nikamunyanganya kwa muchezo. Nikaivaa, nikasikia ku redio banarudilia majina ya batu balikufa kule kwetu. Mujomba Ntwari alikuwa wa kwanza. Mama aliisha kusikia, na alikuwa anakoroga tu. Akaniambia: «Nyamaza. Wacha batoto bakule kwanza.»

Mumeisha kula, ndio naandika.

Naenda Ruharo kumuchukua Kantengwa, binti ya mujomba. Hajui kitu, musimupigie simu. Njiani nitamufanyia mizaha yangu yote. Mukisikia tunakuja tunacheka, musilie. Mumupe kiti, mumupe chakula. Akimaliza sahani, Mama ndiye ataongea.

Kaka yenu mukubwa