Mama mkwe kanipandia ndago

Wee, uko wapi? Nimejifungia chooni, sijui nicheke au nilie.

Si unayajua yale magugu ya ndago yaliyonimalizia mahindi? Nimeyachimba mpaka vile vijiazi vyake vya chini, maana ukivibakiza yanaota upya. Nikavianika juu ya bati vikauke, vife kabisa.

Mama mkwe kavipanda.

KAVIPANDA!! Kwenye tuta langu la maharage! Kwa mstari! Na maji kamwagilia!

Natoka kazini namkuta anapangusa mikono. "Mwanangu, mbegu zako zilikuwa zinaungua na jua. Nimekuokolea."

Nimekuokolea, anasema!

Mume wangu akanifinya mkono, akaninong'oneza, "Usimwambie, ataumia. Kesho akiondoka tutazifukua."

Haya. Nikamshukuru. Nimemkumbatia mtu kwa kunipandia ndago, mwenzangu!

Akafurahi mpaka akatokwa machozi. Halafu akampigia simu baba mkwe, mbele yetu: "Mzee, usinisubiri kesho. Mkamwana kanipokea vizuri mno. Nakaa hapa nizitunze mpaka zikomae."

Zikomae! Ndago!

Sasa hivi anagonga mlango, anauliza mbolea iko wapi.