Nazi kwenye Msuli wa Baba

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka Mbuchi. Sisi wazima, mpunga mwaka huu umekubali, na mama yako amekuwekea kamba wakavu.

Umeniuliza kama ni kweli anavyosema mwalimu wako wa sosholojia, kwamba familia ni kama mwili, kila kiungo na kazi yake, na mtoto hujifunza ya kwake humo humo. Ni kweli. Kwetu mama alipika, baba alikata mikoko, sisi watoto tuliamia ndege shambani wasile mpunga.

Ila msimu mmoja mama alikwenda Salale kumuuguza dada yake. Baba akashusha pazia la mlango, akakalia mbuzi, akakuna nazi. Mwanaume wa huku, juu ya mbuzi! Wali ulikuwa mtamu. Tukala mpaka ukoko.

Mama aliporudi akauliza nani alikuwa anapika. "Watoto," baba akajibu. Tukaitikia kwa vichwa, wala hakuna aliyetuagiza. Mama akautazama msuli wa baba, umejaa chembe za nazi, akasema, "Hongereni wanangu. Mimi nina uchovu wa safari, kesho mpike tena."

Kesho yake pazia likashushwa tena.

Na hilo nilijifunza nyumbani, mjukuu wangu, sijui mwalimu wako analiitaje. Nakuandikia nikiwa barazani. Babu yako yuko hapa kando, amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchana, na kila apitaye njiani akimsalimu, anamwitikia.

Ni mimi bibi yako.